Saa ya Ulimwengu na Saa ya Jua

Msafiri atokaye Tanzania kwenda Rwanda kwa njia ya Rusumo huvuka daraja la mto Kagera kwa dakika chache, na katika dakika hizo chache hurudishiwa saa nzima ya maisha yake ambayo hakuiomba wala hakuipoteza, kwa kuwa upande mmoja wa mto watu hufuata saa za Afrika Mashariki na upande wa pili hufuata saa za Afrika ya Kati. Jua lililo juu ya utosi wake halikusogea kwa ajili hiyo, na majogoo wa kingo zote mbili huwika kwa pamoja kama walivyowika kabla ya daraja kujengwa. Ila dereva wa lori aliyefika mpakani saa 2 asubuhi, akijaliwa kumaliza karatasi zake za forodha upesi, huweza kuingia Rwanda saa 1 na nusu ya asubuhi ile ile, yaani kabla ya wakati aliofika.

Yako mambo ambayo watu wameyazoea hata wakayadhania kuwa ni maumbile, na mgawanyo wa dunia katika kanda za saa ni mojawapo. Aghalabu husemwa kwamba kanda hizo ziliamuliwa na mkutano wa Washington wa mwezi wa Oktoba 1884, ambako wajumbe wa mataifa 25 walikusanyika wakaafikiana kuwa mstari wa longitudo upitao Greenwich, mjini London, uwe mwanzo wa hesabu zote, ilhali Ufaransa na Brazil zilijizuia kupiga kura na San Domingo ikakataa. Lakini mwenye kuyasoma maazimio ya mkutano ule kwa utulivu huona kwamba kanda za saa hazimo. Kilichoazimiwa ni kuwapo siku moja ya ulimwengu mzima, ianziayo saa 6 usiku ya Greenwich, itumike katika kila shughuli itakayofaa, bila ya kuingilia saa za wenyeji pale wanapozihitaji. Kanda zilizaliwa na reli: makampuni ya Marekani na Kanada, yaliyochoshwa na utitiri wa saa za miji, yalikuwa yamekwisha kuzianzisha tarehe 18 Novemba 1883, na serikali za dunia zikazipokea moja moja baadaye, kila moja kwa namna iliyopenda.

Katika mkutano ule alikuwapo mjumbe wa dola ya Uthmaniya, Rustem Effendi, ambaye maneno yake hayatajwi sana siku hizi ingawa sisi watu wa pwani tungeyaelewa kuliko wengi. Aliwajulisha wenziwe kwamba katika nchi yake hesabu mbili za saa zilikuwa zikienda sambamba, moja ya Kifranki iliyoanza usiku wa manane, na moja ya Kituruki iliyoanza jua linapokuchwa. Na kwamba wengi wa raia walikuwa wakulima, kazi yao ni ya shambani, na sala zao zilifuata jua, kwa hiyo hesabu hii ya pili haikuwa ya kuachwa kwa azimio. Wajumbe walimsikiliza kwa adabu wakaendelea na mambo yao. Kwa maoni yangu alikuwa ametoa hoja iliyo sawa kuliko zote, na ndiyo nitakayoitetea hapa: kanda zifutwe, na mahali pake pawe na saa ya ulimwengu, iliyo moja kwa watu wote, kwa shughuli za mbali, na saa ya jua, kila mji kwa jua lake, kwa shughuli za karibu.

Kanda zimeshindwa kwa sababu zinataka kuwa vyote viwili na hazipati hata kimoja. Kama zingekuwa zimekatwa kwa haki, kila moja nyuzi 15, zingesameheka. Walakini zimekuwa mali ya siasa. China, nchi ambayo upana wake ungestahili kanda tano, tangu 1949 huhesabu saa moja tu ya Beijing, na kwa hiyo katika mji wa Kashgar, magharibi kabisa, jua husimama utosini mnamo saa 9 alasiri kasoro dakika chache. Wenyeji wa huko, wakiona amri hiyo haiwiani na macho yao, wamejiwekea saa yao iliyo nyuma kwa saa mbili, wakaitumia nyumbani na sokoni. Uhispania ilisogezwa mbele mwaka 1940, wakati wa utawala wa Franco, na haijarudi hata leo, ingawa sehemu yake kubwa imo magharibi ya Greenwich. Nepal imetangulia India kwa robo saa, kana kwamba jua huwahi milimani. Na sisi tusicheke sana, kwa maana Nairobi ya zama za ukoloni iliwahi kuitangulia Greenwich kwa saa 2 na dakika 45, hesabu ambayo ilimchosha kila mtu aliyelazimika kusoma ratiba ya meli.

Tuitazame Tanzania. Saa za Afrika Mashariki zimepimwa kwa longitudo ya nyuzi 45, mstari upitao Somalia na Madagaska bila ya kugusa kipande chochote cha Tanzania, Kenya wala Uganda. Dunia huzunguka nyuzi moja kila dakika 4, na kwa hiyo mji wa Dar es Salaam, ulio kwenye nyuzi 39 na kidogo, huwa nyuma ya saa yake wenyewe kwa dakika 23, na Kigoma, iliyo karibu na nyuzi 30, huwa nyuma kwa saa nzima. Baina ya miji hii miwili jua huchukua dakika zipatazo 39 kusafiri, lakini saa ya ukutani ni ile ile. Mwezi wa Julai jua la Dar es Salaam huchomoza yapata saa 12 na dakika 35 asubuhi, na la Kigoma yapata saa 1 na dakika 10. Basi mtoto wa Kigoma aliyeamriwa awe shuleni saa 1 kamili huondoka kwao gizani, akishika njia ambayo mwenziwe wa Dar es Salaam, kwa amri ile ile, huipita kweupe. Na huko Bujumbura, kwenye ncha ya kaskazini ya ziwa lile lile lililo kando ya Kigoma, ambako jua hupishana na la Kigoma kwa dakika moja tu, mtoto mwingine akichomozewa na jua husoma kwenye saa yake kwamba ni saa 12 na dakika 10. Watoto hawa wawili hulionja jua kwa pamoja, na serikali zao zimewatenga kwa saa nzima.

Anayetaka kuiona saa ya jua ikifanya kazi pasi na kelele na aingie msikiti wowote wa Ujiji au wa Kariakoo, aende karibu na mihrabu, alitazame bao la nyakati za sala. Hapo ataziona sura ndogo za saa zilizochorwa, moja kwa kila sala, na akrabu zake zikisogezwa kwa mkono na mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo, leo dakika mbili huku, wiki ijayo dakika tatu kule. Adhuhuri ya Dar es Salaam, ambayo wakati wake huingia jua likisha kupinduka, mwanzoni mwa Novemba huwa yapata saa 6 na dakika 7, na katikati ya Februari huwa yapata saa 6 na dakika 37. Watu hudhani kwamba hapa kwetu, karibu na ikweta, jua halina mabadiliko. Kumbe hata hapa hutangulia au kuchelewa, kwa kuwa njia ya dunia kulizunguka jua si duara kamili na mhimili wake umeinama, mambo ambayo wataalamu wa falaki wameyajua tangu dahari. Ndiyo maana sipendekezi kwamba benki na hospitali zifuate jua lenyewe la kila siku, linalopishana na wastani wake hadi dakika 16. Ufuatwe wastani wa jua wa kila mji, na jua halisi waachiwe waadhini, ambao hawakuliacha kamwe.

Mtu ataniuliza kama ninataka kuturudisha kwenye fujo ya miji isiyoafikiana, fujo ambayo reli ziliiondoa. Namjibu kwamba reli haziwezi kutumia saa ya jua wala hazipaswi, na garimoshi la kwenda Kigoma, kwenye reli iliyoufikia mji ule mwaka 1914, liandikiwe ratiba yake yote kwa saa ya ulimwengu. Ndivyo marubani wafanyavyo tangu zamani: ndege ipaayo Dar es Salaam kwenda Muscat huandikiwa mwendo wake kwa saa ya Greenwich tangu kupaa hata kutua, na watabiri wa hali ya hewa hupeana habari zao kwa saa hiyo hiyo, na kompyuta zinazoendesha benki huihesabu humo ndani, kisha huturembea kanda juu yake kwa ajili ya macho yetu. Na saa ya jua nayo, ambayo zamani ingemlazimu mtu kubeba jedwali la miji yote, leo ni hesabu nyepesi kwa simu ya mkononi, inayojua longitudo ya mwenye nayo kuliko anavyoijua yeye.

Juu ya mchezo wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi sina maneno mengi, kwa maana hautuhusu ila kwa madhara yake. Mjenzi mmoja wa Kiingereza, William Willett, alitoa kijitabu mwaka 1907 akililia mwanga wa asubuhi unaopotea watu wamelala. Angaliweza kuwanasihi waamke mapema, akaona heri kuidanganya saa. Alifariki mwaka 1915, na mwaka uliofuata Ujerumani, kisha Uingereza, zikaichukua rai yake kwa sababu ya vita na upungufu wa makaa. Bunge la Ulaya lilipiga kura Machi 2019 kwamba mchezo huo ukome mwaka 2021, na mwaka huo umepita saa zikiendelea kusogezwa. Huku kwetu habari hufika kwa njia ya mpira: mechi ya Jumamosi ianzayo saa 9 alasiri ya London, ambayo kwetu huwa saa 11 jioni, ghafla mwishoni mwa Oktoba huwa saa 12 jioni, na wenye vibanda vya kuonyesha mpira hufuta ubao wakaandika upya, na magharibi ikaadhiniwa mpira ukiendelea.

Lililo zito zaidi ni hofu ya watu kwamba tarakimu zitakuwa ngeni, kwamba mtu ataambiwa aende kazini saa 5 ya ulimwengu ilhali ni asubuhi. Hofu hii nayaelewa mataifa mengine kuwa nayo, si sisi, ambao kila siku tunatazama 8:00 kwenye simu tukasema saa 2 bila ya kukosa ahadi hata moja. Tarehe nayo ingegeuka kwetu saa 9 usiku, wakati ambao hauwasumbui ila walinzi na wauguzi. Fiji ndiyo ingeonewa, kwa kuwa tarehe ingegeuka huko adhuhuri, baina ya chakula na usingizi wa mchana. Na hilo ni jambo la haki kulalamikiwa, isipokuwa visiwa vya bahari ile vimekwisha kuvumilia makubwa zaidi, kama Samoa, iliyohama upande wa mstari wa tarehe ikaruka kutoka Alhamisi tarehe 29 Desemba 2011 hadi Jumamosi tarehe 31, Ijumaa ile isiwepo kabisa.

Sitarajii dola kubwa zitusikilize. Lakini Jumuiya ya Afrika Mashariki leo ina hesabu tatu za saa, toka Kinshasa hata Mogadishu, na Sudan Kusini ilirudisha saa zake nyuma mnamo Februari 2021, ikajitenga na Kenya na Uganda ilizokuwa nazo sawa. Hapana kinachoizuia Jumuiya kuandika mialiko ya vikao vyake, ratiba za ndege na saa za vituo vya mpakani kwa saa ya ulimwengu kando ya saa ya kila nchi. Na kwa Kigoma hauhitajiki hata mkataba, unatosha waraka mmoja wa wizara utakaoruhusu shule zake zifungue milango dakika 40 nyuma ya za Dar es Salaam, isipokuwa siku za mitihani ya taifa, ambayo bahasha zake sharti zifunguliwe nchi nzima kwa dakika moja, kwa saa ya ulimwengu, ili maswali yasipate nafasi ya kusafiri kwa simu kutoka mashariki kwenda magharibi.