Hesabu Hukwama Kwenye Sentensi

Mtoto wa mkulima wa Peramiho au Madaba, kusini mwa Tanzania, huingia kidato cha kwanza akijua vipimo vizuri. Anajua madebe mangapi yanajaza gunia, na bei ya mahindi ikishuka anajua nyumbani watapungukiwa kiasi gani. Shule ya msingi amehesabu kwa Kiswahili, na kwa wengi hiyo ni lugha ya pili baada ya Kingoni, Kimatengo au Kiyao. Sekondari anakuta hesabu zilezile zimeandikwa kwa Kiingereza. Hisabati kwa miaka mingi imekuwa miongoni mwa masomo yanayofelisha zaidi kidato cha nne, nasi tumezoea kulaumu uvivu wa watoto au uhaba wa walimu. Uhaba upo, tena mkubwa. Lakini naamini alama nyingi zinapotea mapema zaidi, kwenye maneno madogo ya Kiingereza yanayotaja kiasi, ambayo hakuna anayejiona ana wajibu wa kuyafundisha.

Chukua swali la kawaida la kidato cha nne: mkulima anataka kulima mahindi na soya, na ekari za mahindi ziwe *at least* 3. Maana yake ni zisipungue tatu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba *least* ni kidogo kuliko vyote anaona udogo, anaandika x ≤ 3, na kwenye grafu anatia kivuli upande usio wake. Kuanzia hapo kila kitu anakifanya kwa usahihi juu ya msingi mbovu: pembe za eneo si zenyewe, faida kubwa anayoipata si yenyewe. *At most* humtega vilevile kwa upande wa pili. *5 less than x* nayo ni x − 5, ila anayesoma neno kwa neno kutoka kushoto ataandika 5 − x. Nje ya Hisabati, *few farmers* ni kusema wakulima karibu hakuna, na *a few farmers* ni kusema wapo kadhaa. Herufi moja imegeuza habari nzima, na kwa haraka zote mbili tunazifasiri "wakulima wachache".

Wapo watakaosema dawa ni kufundishia Kiswahili tu. Hoja hiyo ina uzito: Tume ya Makweta kuhusu elimu iliipendekeza mwaka 1982, na wataalamu kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wameitetea kwa miaka mingi. Naiunga mkono. Lakini atakayeketi kwenye mtihani Novemba hii atakuta swali kwa Kiingereza, na si haki kumwacha apotee huku watu wazima wakiendelea kujadiliana. Wengine husema Hisabati ni alama, na alama hazina lugha. Ni kweli pale alama zinapokuwa zimeshaandikwa. Lakini katika maswali ya maelezo mwanafunzi ndiye anayetakiwa kuziandika, na njia pekee ya kufika huko ni kuielewa sentensi.

Pingamizi zito kuliko yote ni la mwalimu mwenyewe: darasa limejaa, mada hazijaisha, na yeye hakusomea lugha. Namwelewa. Hata hivyo simwombi afundishe sarufi. Maneno yenyewe hayazidi ukurasa mmoja wa daftari, na mwalimu wa Kiingereza hawezi kuyamaliza peke yake, kwa sababu mtego wa maneno hayo huonekana pale tu sentensi inapogeuzwa kuwa alama. Kipindi kimoja mwanzoni mwa mada kingetosha: wanafunzi wapewe sentensi kumi za magunia, ekari na shilingi, waeleze kila moja kwa Kiswahili bila woga wa kukaripiwa, kisha waandike alama yake na kuijaribu kwa namba. Ekari 4 zinakubalika? Na 2 je? Anayejiuliza hivyo hugundua mwenyewe kwamba alama yake imegeuka, kabla hajashika rula kuchora grafu.