Hati ya miaka 33 inapoisha: nyumba ya mjini inabaki kuwa ya nani?

Msikilizaji wetu mmoja alitupigia simu studioni akiwa na wasiwasi. Ni mkulima. Mwaka 2009 aliuza mazao na ng'ombe, akanunua nyumba mjini kwa mzee mmoja mstaafu. Waliandikishana kwa mwenyekiti wa mtaa, mashahidi wakasaini, akakabidhiwa funguo na hati. Yeye akarudi kijijini kulima, nyumba akaipangisha.

Hivi karibuni kijana wake aliisoma ile hati kwa mara ya kwanza. Imeanza mwaka 1994 na muda wake ni miaka 33. Jina lililoandikwa ni la yule mzee, ambaye sasa ni marehemu. Baba mtu akatuuliza maswali mawili: je, nyumba aliyoinunua kwa jasho lake inakwisha mwaka 2027? Na nani anayetakiwa kwenda kuomba muda mwingine, yeye au watoto wa marehemu?

Tumeona tuyajibu hapa kwa maandishi, kwa sababu hayuko peke yake. Hati za miaka 33 zilizotolewa mwanzoni mwa miaka ya 1990 zinafika mwisho miaka hii. Iliyoanza 1993 inaisha 2026. Maelezo haya yanahusu Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria zake za ardhi.

Unaponunua, unanunua nini?

Kisheria, ardhi yote ni mali ya umma na Rais ndiye mdhamini wake kwa niaba ya wananchi. Mwenye hati anayo haki ya kuikalia na kuitumia ardhi kwa muda maalumu na kwa masharti. Jambo hili si geni. Mwaka 1963, muda mfupi baada ya Uhuru, hata ardhi iliyokuwa ikimilikiwa moja kwa moja bila kikomo iligeuzwa kuwa ya kupangishwa na serikali kwa miaka 99, na baadaye nayo ikaingizwa katika mfumo wa hatimiliki. Leo Sheria ya Ardhi Na. 4 ya mwaka 1999 inasema hati haiwezi kuzidi miaka 99. Ndiyo maana tunaona hati za miaka 33, 66 na 99.

Kijijini mambo ni tofauti kidogo. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, hakimiliki ya kimila inaweza kutolewa bila kikomo cha muda. Mtu aliyezoea shamba la babu linalorithiwa kizazi hadi kizazi akinunua nyumba mjini hudhani utaratibu ni uleule. Hapo ndipo wengi wanapojikwaa.

Kwa hiyo, bei ya nyumba ni pamoja na miaka iliyobaki kwenye hati. Nyumba yenye miaka 60 mbele na nyumba yenye miaka 4 haziwezi kuwa sawa, hata kama zimejengwa kwa tofali moja na bati moja. Benki nayo huangalia miaka hiyo kabla ya kukubali rehani.

Muda ukiisha inakuwaje?

Hati kufika mwisho hakumaanishi kwamba kesho yake utafukuzwa. Mmiliki aliyetimiza masharti ndiye anayepewa nafasi ya kwanza kupewa muda mwingine. Lakini muda huo hauji wenyewe. Lazima uombe, na ni vizuri uombe mapema, kabla tarehe haijafika.

Ofisi ya ardhi itaangalia mambo kadhaa. Je, umelipa pango la ardhi kila mwaka? Je, eneo linatumika kama hati inavyosema, au makazi yamegeuzwa gereji? Je, mpango wa mji bado unaruhusu makazi mahali hapo?

Kwenye malipo kuna mkanganyiko tunaousikia mara kwa mara. Tangu mwaka 2021 kodi ya jengo inakatwa kupitia umeme wa LUKU. Wapo wanaodhani kwa kununua umeme wamemaliza kila kitu. Hapana. Ile ni kodi ya jengo. Pango la ardhi ni deni jingine, linalipwa kwa namba ya malipo ya serikali, na kutolilipa ni kuvunja masharti ya hati. Kuvunja masharti kunaweza kufanya hati ifutwe hata kabla ya muda wake kwisha.

Tatizo kubwa zaidi ni jina

Kwa msikilizaji wetu, miaka siyo shida ya kwanza. Shida ya kwanza ni jina. Mkataba wa maandishi anao, na sheria inautambua. Lakini umiliki wa nyumba yenye hati hauhami mpaka uhamisho usajiliwe kwa Msajili wa Hati. Muhuri wa mwenyekiti wa mtaa unasaidia kuthibitisha kwamba mliuziana. Haubadilishi jina kwenye hati.

Maana yake ni kwamba mbele ya ofisi ya ardhi, mwenye haki ya kuomba muda mwingine bado ni marehemu. Njia iliyopo ni familia ya mzee kufungua mirathi mahakamani. Msimamizi wa mirathi akishateuliwa, ndiye atakayesaini fomu za uhamisho, kisha mnunuzi aombe muda mpya kwa jina lake mwenyewe. Watoto wakikubali, ni suala la nenda rudi na gharama. Wakikataa, ni shauri la baraza la ardhi na nyumba la wilaya, na hapo mkataba na mashahidi wa 2009 ndio watakaombeba. Wakati akihangaika anaweza kuomba kuweka zuio kwa Msajili, ili nyumba isiuzwe kwa mtu mwingine kimyakimya.

Tulimshauri aanze sasa, wakati mashahidi bado wako hai.

Kabla hujatoa pesa

Kwanza, fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Utaonyesha jina la mmiliki, miaka, na kama nyumba iko rehani au ina zuio. Hati iliyo mikononi mwa muuzaji haikuambii yote hayo.

Pili, uliza kuhusu mwenza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inakataza kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mume au mke, na Sheria ya Ardhi inamtaka mnunuzi naye aulize. Usiridhike na maneno ya muuzaji kwamba mama amekubali. Mama asaini mwenyewe.

Tatu, kama muuzaji ni mrithi, dai uthibitisho wa usimamizi wa mirathi. Mtoto wa kwanza si msimamizi kwa sababu tu ni mkubwa.

Nne, omba risiti za pango la ardhi, na usimalize kulipa kabla fomu za uhamisho hazijasainiwa. Gawa malipo: kiasi wakati wa mkataba, kinachobaki wakati wa uhamisho.

Kwa anayeuza

Muuzaji naye ana wajibu. Kuna kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi kwa kawaida ni asilimia 10 ya faida aliyopata, na ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya thamani. Semeni mapema nani atalipa nini, na muandike. Wengine huandika bei ndogo ili kodi ipungue. Siku mkigombana, mkataba ndio utakaosema ulilipa shilingi ngapi.

Gharama hizi, pamoja na nauli za kwenda ofisini, ndizo zinazofanya watu waishie kwa mwenyekiti. Tunawaelewa. Ni mzigo kwa mtu anayeishi mbali na mji, na serikali ingefanya vyema kuupunguza zaidi, ingawa ofisi za ardhi za mikoa zilizofunguliwa mwaka 2020 zimefupisha safari. Lakini gharama unayoikwepa leo haipotei. Inawasubiri watoto wako, na watailipa ikiwa imeongezwa mirathi, mawakili na kesi.

Kama una hati ndani, itoe sandukuni leo usome vitu vitatu: jina, tarehe ya kuanza na idadi ya miaka. Jumlisha. Kama jina si lako, au miaka iliyobaki inahesabika kwa vidole, nenda ofisi ya ardhi au umwone wakili kabla ya msimu wa kilimo haujaanza.