Dada, Tusome Utafiti Wenyewe
Sisi tunaowashonea maharusi tunasikia kila siku: "Piko haina neno, ni hina tu." Watafiti wa ngozi wameshaandika kinyume. Weusi ule hutoka kwenye PPD, kemikali ya kutia nywele rangi, na huweza kuleta malengelenge na mzio wa maisha. Hayo yamo PubMed kwenye intaneti, na mihtasari husomwa bure.

Basi tujiwekee nia: utafiti mmoja wa baiolojia kila wiki. Tuanze na muhtasari, tutazame walipimwa watu wangapi, neno gumu tumuulize daktari.

Amri ya kwanza kushuka ilikuwa kusoma, haikuishia chuoni. Ngozi ni amana, tusiiachie maneno ya kutumiwa kwenye simu.