Je, Chema Chajiuza? Hati ya Ubora na Ukuaji wa Biashara Ndogo

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Wafanyabiashara wengi wadogo huishika methali hiyo kama kanuni. Mwenye mashine ya kusaga nafaka, kwa mfano, huamini kwamba unga ukiwa mweupe na mizani ikiwa ya haki, wateja watakuja wenyewe. Hati ya ubora kwake ni karatasi ya kupamba kuta za viwanda vikubwa. Imani hiyo ina ukweli ndani ya mtaa mmoja. Nje ya mtaa huo ndiyo inayoizuia biashara kukua.

Mtaani mnunuzi humjua muuzaji. Akiuziwa unga mbaya Jumatatu, Jumanne atarudi kulalamika, na habari zitafika sokoni kabla ya adhuhuri. Kujuana huko ndiko dhamana. Lakini duka lililo mkoa mwingine, au shule ya bweni inayonunua unga wa muhula mzima, haimjui mwenye mashine wala jirani zake. Biashara ndogo haiwezi kuwa kubwa bila kuwauzia wageni, na mgeni asiyeweza kutegemea kujuana hana budi kupewa ushahidi.

Unga wa mahindi unaonyesha vema uzito wa jambo hili. Mahindi yasiyokauka sawasawa huota ukungu, na baadhi ya aina za ukungu huo, hasa ile iitwayo Aspergillus flavus, hutoa sumukuvu. Sumu hiyo haionekani kwa macho ndani ya unga, haina ladha ya kuitambulisha, wala haimalizwi na moto wa kupikia ugali. Ikiliwa kidogo kidogo kwa muda mrefu huweza kuleta saratani ya ini. Ikiliwa kwa wingi huua upesi. Mwaka 2004 zaidi ya watu 100 walikufa kwa sababu hiyo mashariki mwa Kenya, na mwaka 2016 vifo vilitokea katika mikoa ya Dodoma na Manyara nchini Tanzania. Hapa methali inashindwa, kwa kuwa chema na kibaya vimevaa nguo moja.

Huenda mtu akasema kwamba dawa ni kuupima unga katika maabara kabla haujauzwa. Kupima ni lazima, lakini hakutoshi. Sumukuvu haienei sawasawa ndani ya gunia kama chumvi ndani ya mchuzi. Hukusanyika katika punje chache, na punje moja iliyoharibika huweza kubeba sumu nyingi mno huku mamia ya punje zinazoizunguka hazina kitu. Sampuli iliyochotwa upande mmoja wa mzigo huweza kuonyesha usalama, na ile ya upande wa pili ikaonyesha hatari. Kwa hiyo usalama wa unga hauna budi kujengwa tangu mahindi yanapopokelewa: kupima unyevu wa kila mzigo na kuukataa unaozidi asilimia 13.5, kikomo kilichowekwa katika kiwango cha mahindi cha Afrika Mashariki. Kuchambua punje zilizooza. Kuyaweka magunia juu ya chaga za mbao badala ya sakafuni. Na kuandika yote katika daftari, ili kila mfuko wa unga uwe na namba ya fungu lake.

Utaratibu huo ndio uitwao usimamizi wa ubora. Hati yake ni ushahidi wa mkaguzi asiye na upande kwamba utaratibu upo, na kwamba unafuatwa hata siku ambayo mwenye mali hayupo.

Fikra hiyo ina umri wa karne moja. Mwaka 1924 Mmarekani Walter Shewhart, aliyefanya kazi katika kampuni iliyotengeneza vifaa vya simu, alibuni chati ya kufuatilia kazi inapoendelea, ili kasoro ijulikane kabla haijazaa lundo la bidhaa mbovu. Uingereza ilitoa kiwango cha usimamizi wa ubora, BS 5750, mwaka 1979. Mwaka 1987 Shirika la Kimataifa la Viwango lilitoa ISO 9001, ambacho tangu hapo kimepitiwa upya mara kadhaa. Shirika hilo huandika kiwango tu. Hati hutolewa na vyombo vingine vinavyokagua.

Yafaa mambo mawili yatofautishwe. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1975, huthibitisha kwamba bidhaa fulani imetimiza kiwango chake. Hati ya ISO 9001 huhusu namna biashara nzima inavyoendeshwa. Haisemi kwamba unga ni mtamu. Husema kwamba aliyeusaga anajua anachokifanya, anakifanya vilevile kila siku, na hujirekebisha akikosea.

Faida yake katika kukua kwa biashara huonekana wazi siku ya balaa. Malalamiko yakija, mwenye mashine asiye na daftari ana njia mbili tu: kukana yote au kutupa yote. Mwenye daftari hutafuta namba ya mfuko, hulitenga fungu moja, na kesho yake huendelea kuuza. Huonekana pia mipakani. Machi 2021 Kenya ilisimamisha uingizaji wa mahindi kutoka Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu. Siku chache baadaye iliruhusu tena kwa masharti, mojawapo likiwa cheti cha kuonyesha kwamba sumu haizidi sehemu 10 katika sehemu bilioni moja. Siku hiyo maneno mazuri ya muuzaji hayakuwa na thamani; aliyekuwa na ushahidi ndiye aliyevuka.

Hata hivyo, wanaolalamika wana hoja. Ada ya ukaguzi ambayo kiwanda kikubwa hakiihisi yaweza kumeza faida ya miezi kadhaa ya mashine moja. Tena wapo wanaojaza madaftari usiku wa kuamkia ukaguzi, kisha wakayafungia kabatini. Hati ya namna hiyo ni hirizi, na kuinunua ni kupoteza fedha.

Jibu la hoja hizo ni kufuata hatua kwa mpangilio. Daftari na kipima unyevu vitangulie, kwa kuwa faida yake hupatikana hata kabla mkaguzi hajabisha hodi. Wenye mashine wadogo waweza kuchangia kipimo kimoja. Alama ya ubora ya bidhaa ifuate. Nchini Tanzania, Shirika la Kuhudumia Viwanda Vidogo, yaani SIDO, lililoanzishwa mwaka 1973, huwapa wajasiriamali wadogo barua ya kuwatambulisha kwa Shirika la Viwango. Hati ya mfumo mzima ije pale soko linapoidai. Serikali nazo zisione kuwapunguzia wadogo gharama hizo kuwa ni sadaka, maana unga salama hulinda afya ya wengi kuliko wale wanaoulipia.

Shule za sekondari zina nafasi ya pekee katika suala hili, kwa kuwa ni wanunuzi wakubwa wa nafaka na pia zina maabara. Mwanafunzi aweza kupima gramu 100 za mahindi yaliyosagwa kutoka ghala la shule, akayakausha katika tanuri lenye joto linalozidi kidogo nyuzi 100 hadi uzito usipungue tena. Yakibaki gramu 84, unyevu ulikuwa asilimia 16, na ghala limo hatarini. Mwanafunzi huyo akiandika tarehe, chanzo cha mzigo na jibu lake, ameanza kusimamia ubora. Na shule itakayomuuliza muuzaji namba ya fungu kabla ya kumlipa itamfundisha zaidi ya semina nyingi.

Wahenga hawakukosea, walisema juu ya soko ambalo mnunuzi aliweza kuonja na kumjua muuzaji. Katika soko la wageni, chema kisicho na shahidi hukaa rafu moja na kibaya, na mara nyingi kibaya ndicho chenye bei nafuu.