Chenji Imekwisha

Katika baa nyingi za miji yetu, baina ya friji ya bia na mlango wa uani, husimama sanduku la bati lenye kioo na taa za rangi, ambalo sheria huliita mashine ya michezo ya kubahatisha na vijana hulitaja kwa jina la dubwi. Na kando yake, ikiwa baa bado inafuata desturi ya zamani, hukaa mhudumu mwenye bakuli la plastiki lililojaa sarafu za shilingi 200, ambaye kazi yake ni kumbadilishia noti mtu aliyekwisha kunywa chupa zake mbili tatu na kuingiwa na dhana kwamba usiku huo sudi i pamoja naye. Bakuli hilo liko mbioni kutoweka, na kutoweka kwake, ambako wengi watakuhesabu kuwa ni maendeleo ya ufundi na hapana zaidi, ndiko ninakotaka kukuzungumza.

Kazi ya kila siku ya mashine hizi, kwa asiyepata kuikaribia, ni nyingi kuliko idhaniwavyo. Asubuhi lazima ziwashwe na itazamwe kama tumboni mna sarafu za kutosha kumlipa atakayeshinda. Mchana chenji itafutwe, maana masanduku haya huzimeza sarafu kwa wingi hata muuza duka wa jirani akakosa ya kumrudishia mteja wake. Jioni sarafu iliyokwama itolewe kwa kipande cha waya. Na mwisho wa juma mtu wa mwenye mashine, ambaye aghalabu siye mwenye baa, hufika na shada la funguo, akafungua mlango wa chini, akasoma tarakimu za mita na kuzinakili katika daftari, akamwaga sarafu mezani na kuzipanga mafungu mafungu mbele ya meneja, wakagawana kwa kadiri ya mapatano yao, kisha kila mmoja akaondoka na shaka kidogo juu ya mwenzake.

Shaka hiyo ndiyo iliyozaa mitambo mipya. Mashine za kisasa hupokea noti zenyewe, na nyingine hulipiwa kwa simu; ndani yake hutiwa laini ya mawasiliano kama ile ya simu ya mkononi, ambayo humpelekea mwenye mali hesabu ya kila kilichoingia na kila kilichotoka, humjulisha mlango ukifunguliwa nje ya saa, humwambia ni mashine ipi imelala na ipi inachangamka, na humwezesha kuizima au kuiwasha hali yeye yu kitandani kwake katika mkoa mwingine. Sikusudii kuyabeza manufaa hayo. Mkusanyaji abebaye gunia la sarafu njiani usiku huihatarisha roho yake. Meneja mwaminifu huondokewa na tuhuma. Na serikali, ambayo kodi ya michezo hii ni fungu la mapato yake, hupata hesabu isiyotegemea ulimi wa mtu. Wenzetu wa Uganda wamekwisha kuweka mfumo mmoja wa taifa wa kuzifuatilia hesabu za kamari kutoka katika bodi yao, na sioni sababu ya kuwalaumu kwa hilo.

Lakini bakuli la sarafu lilikuwa na kazi nyingine, isiyoandikwa katika mkataba wowote. Fundi mmoja wa magari, mtu wa heshima zake mchana, husimama mbele ya sanduku tangu magharibi. Noti ya kwanza imekwenda, ya pili imekwenda, na sasa ameingiza mkono katika mfuko wa ndani, ule ambao mtu huwekea fedha isiyokuwa yake peke yake. "Dada, nipe za elfu tano nyingine," asema, bila ya kuyaondoa macho kwenye kioo. "Shemeji, chenji imekwisha," hujibu mhudumu, na hali bakuli amelisukuma kwa mguu chini ya kaunta. Fundi hunung'unika, hutazama huku na huku, hukumbuka kwamba ana njaa, na mara nyingine huenda zake. Sijui mwanazuoni gani angeuhalalisha uongo huo, lakini mimi nimeona watu waliorudi nyumbani na ada ya mtoto mfukoni kwa sababu yake, na sijapata kuona aliyerudi nayo kwa sababu ya mashine kumhurumia.

Ili ifahamike kwa nini kituo kifupi cha namna hiyo kina thamani, yafaa kuitazama hesabu. Tuseme mashine imewekwa kurudisha kwa wastani shilingi 90 katika kila 100 ziingiazo, kiwango ambacho mchezaji akikisikia hukiona cha ukarimu. Tuseme tena kwamba anacheza mara 10 kwa dakika, na kila mara anatia sarafu moja ya 200, zikiwamo zile alizorudishiwa. Kwa saa moja atakuwa amecheza mara 600, na shilingi 120,000 zitakuwa zimepita mikononi mwake. Na fungu la kumi la hizo, yaani 12,000, litakuwa limebaki sandukuni. Mtu aliyekuja na 5,000, ambaye moyoni amekadiria kuchezea kwa kiasi, kwa wastani humalizika katika dakika 25 hivi, naye hakuona zilikokwenda, kwa kuwa katika dakika hizo alishinda mara kadha wa kadha, na kila ushindi ulipigiwa kengele na kuwashiwa taa, ilhali hasara ilipita kimya. Basi chochote kimsimamishacho, ijapokuwa ni ukosefu wa chenji au mhudumu aliyekwenda msalani, ni hiba kwake.

Tukiisoma tarikhi ya masanduku haya tutaona kwamba, hatua kwa hatua, ni habari ya kuondolewa kwa mtu. Mwaka 1891 huko Brooklyn, Marekani, kampuni ya Sittman na Pitt ilitoa mashine ya karata za poka iliyoenea upesi katika vilabu vya pombe. Mnywaji alitia senti 5, akavuta mkono wa chuma, karata zikazunguka, na zikija vizuri ilimpasa amwendee muuza kaunta, kwani mashine haikuwa na uwezo wa kulipa, naye akampa bia au sigara. Hila haikukosekana hata hapo: karata mbili zilikuwa zikiondolewa katika kasha kabla ya kutiwa mashinani, ili mpangilio wa karata wenye ushindi mkubwa usitokee kwa urahisi. Ila yule muuza kaunta alikuwapo, akimwona mchezaji uso kwa uso kila aliposhinda. Kabla karne ile haijakwisha, Charles Fey wa San Francisco akaunda mashine ya magurudumu matatu iliyoweza kutema sarafu yenyewe, na muuza kaunta akaondoka katika shughuli ya malipo. Mwaka 1963 kampuni ya Bally ya Chicago ikaleta mashine iliyotumia umeme, yenye chombo cha ndani kilichoweza kulipa hata sarafu 500 bila ya mtumishi kuitwa. Na mwaka 1984 Inge Telnaes akapata hataza ya kuifanya kompyuta ichague kwa namba gurudumu lisimame wapi, jambo lililokatisha uhusiano wa kile akionacho mtu kiooni na uwezekano wa kweli wa kushinda. Magurudumu yakawa mapambo ya hukumu iliyokwisha kutolewa mara tu kitufe kilipobonyezwa. Mtu mmoja tu alikuwa amebaki karibu na mchezaji, naye ni huyu dada wa bakuli. Na sasa zamu yake imefika.

Najua nitaambiwa kwamba nampamba. Ni kweli kwamba si wahudumu wote walio na huruma. Wako wapendao mchezaji aendelee kwa kuwa akishinda huwatupia chochote, na wako ambao mwenye baa amewaagiza wahakikishe bakuli halikauki. Huruma ya mja haiwezi kuwa nguzo ya sheria, na wala siombi bakuli lirudishwe kwa amri. Niombalo ni kwamba kazi ile aliyoifanya baadhi ya siku, kwa hiari yake na kwa hatari ya kufokewa, irithiwe na mtambo uliokuja kumrithi. Maana mtambo huo wajua mengi kuliko yeye. Wajua noti zilizoingia tangu saa kumi na mbili jioni, wajua kasi ya kubonyeza inavyozidi kadiri hasara inavyozidi, wajua kama aliyesimama mbele yake hakupumzika hata dakika moja. Mwenye mashine husomewa hesabu yake kila usiku, na mtoza kodi husomewa yake; aliyeitoa fedha yenyewe ndiye peke yake asiyesomewa kitu. Hapo pana dhulma iliyo wazi, na si dhulma ya ufundi, maana waya ni ule ule na namba ni zile zile. Ni dhulma ya waliokaa wakaagiza waya huo uwatumikie nani.

Yako mataifa yaliyoagiza vinginevyo. Norwei iliziondoa mashine za watu binafsi mwaka 2007, na badala yake shirika la dola la Norsk Tipping likaleta mashine ambazo mtu hawezi kuzicheza ila kwa kadi yenye jina lake. Zikaunganishwa zote pamoja, zikawekewa ukomo wa hasara kwa siku na kwa mwezi, na mchezaji aliyekaa mno hulazimishwa kupumzika. Huko mtambo wenyewe ndio usemao chenji imekwisha, na huyo aliyeambiwa hana pa kukimbilia, kwa sababu mashine ya mtaa wa pili nayo ina habari zake. Waingereza, walio na mazoea ya siku nyingi ya mashine katika vilabu vyao vya pombe, wamechukua njia nyingine: huruhusu mashine mbili kwa leseni ya kawaida ya kilabu, dau lisizidi pauni 1 na zawadi isizidi pauni 100, na mwongozo wao wataka mashine ikae mahali ambapo matumizi yake yaweza kusimamiwa. Kenya nayo, mwaka 2018, iliamuru masanduku yakamatwe, na mengine yakateketezwa hadharani. Moshi ule uliwafurahisha wengi, nami sitaficha kwamba ulinifurahisha kidogo. Ila bati lililoungua halikuua tamaa iliyolipeleka baa, na kijana aliyenyimwa sanduku amelikuta katika simu ya mkononi mwake, lenye kasi zaidi na lisilokuwa na mhudumu kabisa.

Masheikh na mapadri wataniuliza kwa nini nashughulika kutengeneza jambo ambalo lastahili kung'olewa, na Waislamu watanikumbusha kwamba Sura ya Maida imeiweka kamari sahani moja na ulevi, kama kwamba ilikwisha kuziona baa zetu. Siwapingi katika hukumu. Lakini Tanzania Bara imekuwa na Sheria ya Michezo ya Kubahatisha tangu 2003, ina Bodi inayoisimamia, na mashine zapewa leseni mchana kweupe. Na maadamu ni hivyo, mwenye kungoja zing'olewe ili ndipo amsaidie fundi wa magari amemwacha fundi huyo peke yake kwa miaka mingi sana.

Jambo la kwanza la kudai ni jepesi hata laona haya kuitwa madai: kioo kiandike, kwa tarakimu kubwa kama zile zitangazazo ushindi, jumla ya fedha ambayo mchezaji ameipoteza tangu aanze. Isiwe alama za mchezo wala picha za matunda, bali shilingi. Pamoja na hilo, mashine inyamaze yenyewe kwa dakika kadhaa kila baada ya muda uliowekwa, taa zizime, ili mtu apate kuusikia muziki wa baa na kuikumbuka saa. Ama ukomo wa hasara kwa siku, nakiri ni mgumu zaidi, kwa kuwa wahitaji mchezaji atambulikane, na mimi si mwepesi wa kutaka jina la kila mnywaji liandikwe katika daftari la serikali. Hata hivyo huyo anayelipa kwa simu amekwisha kujitambulisha kwa namba yake, na habari zake zimo tayari mikononi mwa mwenye mashine. Kwa mtu huyo ukomo waweza kuanza, na uhesabiwe katika mashine zote na si moja moja, isije ikawa ametoka baa hii akaingia ya pili kuanza upya.

Wenye mashine watalalamikia gharama. Watasema kubadili programu katika masanduku yaliyotawanyika mikoani si kazi ya siku moja, na kwamba baa zitakosa mapato yalipayo pango na umeme. Malalamiko ya kwanza yangekuwa na uzito zaidi lau wasingekuwa wamekwisha kuyabadili masanduku hayo hayo kwa ajili ya hesabu zao wenyewe, bila ya kulazimishwa na mtu. Ya pili ni ya kweli, ila yanamaanisha kwamba pango la baa hulipwa na wale wasiojua wamepoteza kiasi gani, na sidhani yuko mwenye baa atakayelisema hilo kwa maneno hayo mbele ya Bodi. Bodi ndiyo itoayo leseni na ndiyo iwezayo kuliweka sharti: mashine yoyote ipelekayo hesabu kwa mwenyewe isipewe leseni mpaka impe hesabu na aliyesimama mbele yake. Kwa masanduku makongwe yasiyoweza kuibeba programu hiyo, ningetoa muhula wa mwaka mmoja, kisha yatolewe ukutani, na nafasi yake ikawekwe meza ya bao au friji nyingine.