Mwenye Kovu Usidhani Kapoa: Juu ya Wanaohama Sigara



Kuna kauli moja ambayo siku hizi tunaisikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa vijana wa mijini na kwa waamini wenye jamaa zao ughaibuni: "Padre, mimi sigara nimeacha. Sasa navuta hii ya umeme tu, ni mvuke." Husemwa kwa uso wa furaha, kana kwamba msemaji amekwisha kufika mwisho wa safari. Wiki hii tunapenda kuipinga kauli hiyo. Hatuipingi kwa kuwa yote yaliyomo ndani yake ni uongo, la hasha. Twaipinga kwa kuwa nusu yake ni kweli, na nusu ya kweli ikikalishwa mahali pa kweli nzima hupotosha watu wengi.

Tuanze kwa kuwatendea haki wanaoisema. Kinachomwua mvutaji zaidi ni moshi wa tumbaku inayoungua. Ndani ya moshi huo wataalamu wamehesabu kemikali zaidi ya 7,000, na takriban 70 kati ya hizo zinajulikana kusababisha saratani. Kuna lami inayoshika mapafuni, na kuna kaboni monoksaidi, gesi inayoinyang'anya damu nafasi ya kubeba oksijeni. Nikotini nayo ndiyo kamba: humfunga mtu ili kesho arudi kwenye moshi ule ule. Kwa mujibu wa Shirika la Afya Duniani, tumbaku huua watu zaidi ya milioni 7 kila mwaka, na miongoni mwao wamo zaidi ya milioni moja ambao hawavuti, bali hukaa tu karibu na wavutao.

Sigara ya kielektroniki haichomi tumbaku. Betri hupasha moto kimiminika chenye nikotini, gliserini na vionjo, na mtumiaji huvuta mvuke wake. Hon Lik, mfamasia wa China aliyekibuni chombo hicho mwaka 2003, alikuwa mvutaji mwenyewe, na baba yake alifariki kwa saratani ya mapafu. Huko Uingereza, taasisi ya serikali ya afya ya umma ilikadiria mwaka 2015 kwamba madhara yake ni pungufu kwa asilimia 95 yakilinganishwa na ya sigara, na mwaka 2023 serikali ilitangaza mpango wa kuwapatia wavutaji milioni moja vifaa hivyo ili waache sigara. Kwa hiyo hatutasema kwamba mvuke na moshi ni mamoja. Anayesema hivyo humpa mvutaji kisingizio cha kubaki na sigara yake, akijiambia kwamba kwa vyovyote atakufa.

Lakini tusome habari hiyo hadi mwisho. Mwaka 2019 ulichapishwa utafiti wa Uingereza uliowafuatilia wavutaji 886 waliotaka kuacha. Baada ya mwaka mmoja, waliopewa sigara za kielektroniki walikuwa wameacha tumbaku kwa asilimia 18, na waliopewa plasta, chingamu na dawa nyingine za nikotini kwa asilimia 9.9. Hapo ndipo watetezi hupiga makofi na kufunga kitabu. Utafiti huo huo unasema pia kwamba, kati ya waliofaulu kwa njia ya mvuke, 80 katika kila 100 walikuwa bado wanavuta mvuke mwaka ulipokwisha. Kwa waliofaulu kwa plasta na chingamu, waliobaki na dawa zao walikuwa 9 tu katika kila 100.

Ndugu wapendwa, hapo ndipo ilipo hoja yetu. Waliotoka kwenye moshi walitoka kweli, na twamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini wengi wao hawajafunguliwa kamba. Wahenga walisema: mwenye kovu usidhani kapoa.

Mtu atauliza: kuna ubaya gani, ikiwa moshi umekwisha? Tunajibu kwa mambo matatu.

Kwanza, nikotini huharakisha mapigo ya moyo na kupandisha shinikizo la damu. Humdhuru mtoto aliye tumboni, na huathiri ubongo wa kijana ambao bado unakua. Tena chombo chenyewe kina umri wa miaka ishirini na kitu, ambapo saratani ya mapafu huchukua miongo mingi kujitokeza. Nani basi aliyepata mamlaka ya kumwambia kijana wa leo kwamba akifika miaka sitini mapafu yake yatakuwa salama?

Pili, wengi wasemao wamehama hawajahama. Ofisini na ndani ya basi huvuta mvuke, na jioni wakitoka nje huwasha sigara. Hujifariji kwamba wamepunguza. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliochapishwa mwaka 2018 ulionyesha kwamba anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba karibu nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo anayobeba mvutaji wa sigara ishirini. Moyo hauhesabu kama mfuko wa fedha unavyohesabu. Kupunguza si kuacha, na kuchanganya vyote viwili ni kulipa ushuru mara mbili.

Tatu, na hili ndilo linalotuumiza zaidi, chombo kilichotangazwa kuwa ngazi ya wazee kutoka shimoni kimekuwa mlango wa watoto kuingilia. Nchini Marekani, mwaka 2019, zaidi ya mwanafunzi mmoja kati ya wanne wa shule za sekondari za juu alikuwa akivuta mvuke. Wengi wao hawakuwa na sigara ya kuacha. Mwishoni mwa mwaka 2018 kampuni ya Altria, mama wa sigara za Marlboro nchini humo, ilinunua asilimia 35 ya kampuni ya mvuke ya Juul kwa dola bilioni 12.8. Je, twaamini kwamba muuza sigara alitoa fedha hizo ili watu waponywe na kiu yake? Uganda iliona mapema, ikavipiga marufuku vyombo hivi kwa sheria yake ya mwaka 2015. Uingereza yenyewe, iliyovitetea kwa wavutaji, imekataza tangu Juni 1, 2025 kuuza vile vya kutumia na kutupa, na sababu mojawapo ni watoto. Samaki mkunje angali mbichi, na wauzaji wanaijua methali hiyo kuliko sisi wazazi.

Sasa tutazame uhuru wenyewe, kwani wengi hawaujui. Mtu akizima sigara yake ya mwisho, dakika 20 tu baadaye mapigo ya moyo huanza kushuka. Baada ya saa 12, kaboni monoksaidi katika damu hurudi kiwango cha kawaida. Katika majuma na miezi inayofuata mapafu huanza kufanya kazi vizuri zaidi, na kikohozi na kuhema hupungua. Baada ya mwaka mmoja, hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo huwa nusu ya ile ya mvutaji. Baada ya miaka 10, hatari ya kufa kwa saratani ya mapafu hushuka hadi karibu nusu.

Wala asiseme mtu kwamba amechelewa. Madaktari wa Uingereza waliofuatiliwa na Richard Doll na wenzake tangu mwaka 1951, kwa muda wa miaka hamsini, walionyesha kwamba mvutaji hupoteza wastani wa miaka 10 ya maisha. Aliyeacha akiwa na miaka 30 aliiokoa karibu yote. Aliyeacha akiwa na 40 aliokoa 9, mwenye 50 aliokoa 6, na hata mwenye 60 aliokoa 3. Miaka mitatu ni kuona mjukuu akipokea Komunyo ya kwanza. Nani ataidharau?

Kanisa halikukaa kimya. Katekisimu, namba 2290, inaitaja tumbaku pamoja na chakula, pombe na dawa pale inapofundisha fadhila ya kiasi. Mwezi Novemba 2017 Vatican ilitangaza kwamba hayati Papa Fransisko ameamua kukomesha uuzaji wa sigara kwa wafanyakazi wake kuanzia mwaka uliofuata, ijapokuwa uliingiza fedha. Sababu ikiwa kwamba faida inayogharimu uhai wa watu haiwezi kuwa halali.

Basi, tunasema nini kwa kila mmoja? Wewe usiyevuta, usianze na mvuke, hata ukinukia embe. Wewe unayevuta, acha, na msaada ulio imara uko hospitalini: ushauri, plasta, chingamu. Siku za kwanza ndizo ngumu kuliko zote, na baada ya majuma machache kiu hulegea. Ukianguka, inuka uanze tena, kwani wengi hujaribu mara nyingi kabla ya kufaulu. Nawe uliyekwisha kuhamia mvuke, usirudi kwenye sigara kwa sababu ya maneno yetu. Ila weka tarehe ya kuvuka ng'ambo, ukipunguza nikotini hatua kwa hatua, na umwambie mkeo au rafiki yako tarehe hiyo ili akuulize. Kivuko ni cha kuvukia. Hakuna ajengaye nyumba juu yake.

Nanyi mlio majumbani mwao, msiwacheke. Kila Kwaresima tunawaona wenye kuacha sigara siku arobaini kisha wakairudia Pasaka. Aliyeweza siku arobaini ameonyesha kwamba anaweza. Anachohitaji ni mtu wa kusimama naye siku ya arobaini na moja.

Tunawatakieni Dominika njema. Mungu awabariki, na awape pumzi safi ya kumsifu.