Mpira wa maji si wa petroli



Naomba niwaonye madereva wenzangu. Pikapu yangu ilikosa nguvu kwenye vilima vya hapa Rubya. Fundi akanishauri nifunge pampu kubwa zaidi ya petroli. Nilipochunguza, nilikuta filta imeziba kwa kutu ya tangi. Tena mpira uliofungwa ulikuwa wa maji, umelainika na unavuja karibu na injini. Kama ningefunga pampu ile, msukumo ungezidi na gari lingeweza kuwaka moto.

Sisi wenye magari hatuna fedha nyingi, lakini filta na mpira halisi wa petroli ni rahisi kuliko pampu. Tuanzie hapo. Askari wa usalama barabarani nao, je, hukagua mipira hii?

Dereva,
Rubya, Muleba.